Kupima mabaki ya dawa ya magugu na vipande vyake katika udongo wa mashamba ya Lubumbashi: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa kilimo anayeandaa kazi yake ya mwisho, na kwa mwenye fermu ya mahindi kwenye barabara ya Kasenga au ya Kipushi anayetaka kujua kama shamba lake linaweza kupokea maharage msimu ujao. Mashine za maabara nitazieleza, lakini sehemu kubwa ya maneno yangu ni ya shambani na ya hesabu, maana huko ndiko vipimo vingi vinakoharibikia. Mashine ya bei kali haiwezi kuokoa sampuli iliyochukuliwa vibaya.

Ushike hili tangu mwanzo: dawa kutoonekana si sawa na dawa kuisha. Inavunjika, na vipande vyake vinabaki udongoni, vingine kwa muda mrefu kuliko mama yao. Ukipima mama peke yake, utamwambia mkulima shamba limesafika wakati bado halijasafika.

Kwanza, jua unatafuta nini

Hakuna kipimo kimoja cha "dawa za magugu zote". Kila jamii ya dawa ina njia yake ya kutolewa udongoni, kwa hiyo anza na jina la kiini, yaani kemikali inayoua magugu, si jina la biashara lililo kwenye bidoni. Lebo nyingi za dawa zinazopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zimeandikwa Kiingereza. Tafuta mstari wenye gramu kwa lita, kiini kimeandikwa hapo.

Katika mahindi utakutana zaidi na atrazini, metolaklori, glifosati na 2,4-D. Atrazini, iliyoingia sokoni miaka ya 1950 na kuondolewa katika soko la Umoja wa Ulaya miaka ya 2000, huvunjika kwa njia mbili. Vijidudu huikata matawi na kuacha desethili-atrazini, kwa kifupi DEA, na deisopropili-atrazini, DIA. Njia ya pili ni ya kemia: maji huondoa klorini na kuacha hidroksi-atrazini, HA. Asidi ya udongo huiharakisha njia hii ya pili, na udongo wetu mwekundu una asidi; pH ya 5 hivi si ajabu hata kidogo. Kwa hiyo hapa kwetu, mtu anayepima DEA na DIA bila HA anaacha nje kipande ambacho huenda ndicho kikubwa. HA haiui mimea tena na inashikamana na udongo kwa nguvu, ndiyo maana wengi huisahau.

Glifosati, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, huvunjika kuwa AMPA, na AMPA hukaa muda mrefu kuliko glifosati yenyewe. Metolaklori huacha vipande viwili vyenye asidi, ESA na OA, ambavyo vinayeyuka vizuri majini na kushuka chini upesi. Hivyo usivitafute juu tu. 2,4-D huisha kwa siku chache hadi wiki kadhaa udongo ukiwa na unyevu. Parakwati ni habari nyingine kabisa: inakamatwa na udongo wa mfinyanzi na haitoki bila kuchemshwa katika asidi kali. Kama hauna sababu maalum, iache.

Kalenda

Mvua zetu huanza Novemba na kumalizika kati ya Machi na Aprili. Dawa hupigwa mwanzoni, basi mstari wako wa wakati ujengwe juu ya mvua. Chukua sampuli ya kwanza Oktoba, kabla ya pompi ya kupigia dawa kuingia shambani. Hiyo ndiyo itakayokuambia mwaka jana uliacha nini. Ya pili ichukuliwe siku ileile ya kupiga dawa, saa chache baadaye. Kisha siku ya 7, 14, 30, 60, 90, na moja mwisho wa mvua.

Usikose ile ya Septemba inayofuata. Toka Mei udongo wa juu hukauka, vijidudu hulala, na kuvunjika hupungua sana. Kilichokuwapo mwisho wa Aprili mara nyingi bado kipo mvua mpya zikikaribia, na watu hushangaa kwa sababu wamehesabu miezi mitano ya kiangazi kana kwamba ni miezi mitano ya kazi.

Shambani

Kabla ya kugusa udongo, zungumza na aliyepiga dawa. Mara nyingi si mwenye shamba.

— Papa, dawa ya majani mulitiaka siku gani?
— Ni pale mvula ilianza.
— Na mulipimaka na nini?
— Na kifuniko. Vifuniko vitatu kwa pompi moja.

Jibu la mwisho ni dhahabu. Omba kifuniko hicho, kijaze maji, kipime kwa sirinji. Uliza pompi ina lita ngapi na ngapi zilimaliza shamba. Hapo unapata kiasi halisi kwa hekta, ambacho mara nyingi kiko mbali na kile cha lebo. Andika pia mbolea: fosfati hushindana na glifosati kwa nafasi zilezile kwenye chembe za udongo, hivyo shamba lililopata NPK nyingi na lile lisilopata hayatajibu sawasawa.

Gawanya shamba katika vipande vinavyofanana kwa mteremko, rangi ya udongo na historia. Katika kila kipande toboa mashimo 15 hadi 25 ukienda kwa zigizagi, ukiacha mita kadhaa za pembezoni ambako pompi hugeuka na dawa kumwagika mara mbili. Na hapa kuna jambo ambalo miongozo ya ng'ambo haitakuambia: kaa mbali na vichuguu. Vichuguu vikubwa vya mchwa vya uwanda wa Katanga vina udongo mwingine kabisa, wenye mfinyanzi mwingi na asidi kidogo, na mvua imeusambaza kwa mita nyingi kuzunguka kila kimoja. Mashimo mawili yakiangukia humo, sampuli yako nzima si ya shamba tena. Kama wakulima wamelima mboga juu ya kichuguu na unataka kujua hali yake, kifanye kipande chake peke yake.

Kina: sentimita 0 hadi 10, halafu 10 hadi 30. Ukitafuta vipande vya metolaklori ongeza 30 hadi 60. Keke ya udongo, yaani chuma cha kutobolea, ni bora kuliko jembe, kwa sababu jembe huchota mengi juu na machache chini. Kabla ya kushuka kina cha pili, kwangua udongo wa juu ulioanguka shimoni. Huo wa juu una dawa nyingi mara kadhaa. Kijiko kimoja tu kinatosha kukufanya uamini kwamba atrazini imefika sentimita 30 wakati haijafika. Anza siku zote na shamba lisilopigwa dawa, umalizie na lililopigwa jana, na osha keke kwa maji kisha kwa asetoni kati ya kipande na kipande.

Changanya mashimo yote ya kina kimoja katika ndoo safi, toa mawe na mizizi, gawanya kwa robo hadi ubaki na gramu 500 hivi. Kwa atrazini na metolaklori tumia chupa ya kioo au karatasi ya alumini ndani ya sashe. Kwa glifosati kinyume chake: plastiki, kwa maana glifosati hushika kwenye kioo. Andika kwa fetri isiyofutika nje, na kwa penseli kwenye kikaratasi ndani ya sashe ya pili. Wino hukimbia barafu inapoyeyuka.

Usisahau pete ya chuma ya kupimia uzito wa udongo kwa ujazo. Watu huidharau, kisha hesabu ya mwisho inawashinda.

Toka shambani hadi labo

Glasieri (sanduku la kutunza baridi) yenye barafu, kivuli, na siku hiyohiyo kwenye friza ya nyuzi −20. Sampuli iliyolala ndani ya gari juani imeendelea kuvunja dawa muda wote huo, na hakuna namna ya kurudisha. Umeme ukikatika mara kwa mara, jaza nafasi tupu ya friza kwa bidoni za maji zilizoganda, usiifungue hovyo, na weka kopo dogo la barafu lenye sarafu juu yake: ukirudi ukakuta sarafu imezama, ujue friza iliyeyuka na kuganda tena. Sampuli hizo zisitumike kwa mstari wa wakati.

Usikaushe udongo katika ovena kabla ya kupima dawa. Chekecha ukiwa na unyevu wake kwenye tundu za milimita 2. Sehemu ndogo ya pembeni, gramu 20 hivi, ndiyo iende nyuzi 105 kwa ajili ya kujua maji.

Kama kipimo kitafanyika Afrika Kusini au Ubelgiji, kumbuka udongo wenyewe unahitaji kibali cha kuingia nchi hizo. Njia rahisi mara nyingi ni kutoa dawa hapahapa, kukausha mchujo, na kutuma vichupa vidogo vikiwa baridi. Uliza maabara itakayopokea kabla ya kuanza, na fuata masharti yao hata kama yanapishana na yangu.

Kutoa atrazini, metolaklori na vipande vyake

Njia inayoitwa QuEChERS, iliyochapishwa mwaka 2003 kwa matunda na mboga, imezoeleka pia kwa udongo. Haitaki vyombo vya ajabu.

1. Pima gramu 10 za udongo katika mrija wa mililita 50. Tia standadi ya ndani, yaani kiasi unachokijua cha kitu kinachofanana na dawa, kwa mfano atrazini yenye deuteri (hidrojeni nzito), ukiwa bado haujagusa kitu kingine. Ikitiwa mwishoni haitakuambia lolote juu ya kilichopotea njiani.
2. Ongeza mililita 10 za maji, tikisa, acha nusu saa. Udongo mkavu usiponyweshwa maji kwanza unaifungia dawa ndani.
3. Ongeza mililita 10 za asetonitrili yenye asidi ya fomiki asilimia 1. Tikisa kwa nguvu, dakika 10 kwa mashine ni bora kuliko moja kwa mkono.
4. Tia gramu 4 za magnesiamu salfeti isiyo na maji na gramu 1 ya chumvi ya kawaida safi. Tikisa papo hapo. Ukingoja, chumvi inaganda kama jiwe. Mrija utapata joto, ni kawaida.
5. Zungusha katika santrifiji, chukua tabaka la juu.
6. Lisafishe kwa unga wa C18 na magnesiamu salfeti kidogo, chuja kwa mikroni 0.2, peleka kwenye mashine.

Usitumie unga wa PSA ambao vitabu vingi huutaja katika hatua ya sita. PSA hukamata asidi, na ESA, OA pamoja na 2,4-D ni asidi: utakuwa umevitupa wewe mwenyewe.

HA ni mkaidi. Mtoo huu mmoja mara nyingi haumalizi kilichoko, basi mabaki ya udongo yarudie mara ya pili kwa methanoli na maji yenye asidi, na urejesho wake, yaani asilimia ya dawa uliyoitia inayopatikana tena, uupime peke yake. Pia HA haifai kwa kromatografia ya gesi isipobadilishwa kwanza. Mtu aliye na GC-MS tu, yaani mashine ya gesi, anaweza kupima atrazini, metolaklori, DEA na DIA, lakini HA itampita bila yeye kujua.

Kwenye LC-MS/MS, mashine inayotenganisha kwa kimiminika na kupima uzito wa ioni na wa vipande vyake, ukitumia ioni chanya, tafuta uzito 216 kwenda 174 kwa atrazini, 188 kwenda 146 kwa DEA, 174 kwenda 132 kwa DIA, 198 kwenda 156 kwa HA, na 284 kwenda 252 kwa metolaklori. Ioni ya pili ya kila moja ni lazima, kwa ajili ya kuthibitisha.

Glifosati na AMPA

Hizi mbili zinapenda maji, asetonitrili haizitaki. Katika udongo mwekundu zimeshikwa na oksidi za chuma na alumini, na zinatoka kwa alkali: gramu 5 za udongo, mililita 10 za potasiamu haidroksidi ya mola 0.6, kutikisa nusu saa au zaidi, santrifiji, kisha kupunguza alkali kwa asidi ya kloridi. Halafu zinavishwa kwa FMOC-Cl, kemikali inayojiunga nazo, ndani ya bafa ya borati ya pH 9, zikae gizani, usiku kucha ukiweza, na kazi hiyo isimamishwe kwa asidi. Bila vazi hilo safu ya kawaida ya C18, mrija wa kutenganishia ndani ya mashine, haizishiki.

Kisha kuna shaba. Glifosati huikumbatia shaba kwa nguvu, na sisi tunaishi kwenye shaba. Uyeyushaji wa madini ulianza hapa mwaka 1911, na upepo umeupeleka moshi wa dohani kubwa hasa upande wa kaskazini-magharibi. Sampuli ya bustani ya Penga Penga, mtaa ulio upande huo, na ile ya shamba la mbali barabara ya Kasenga hazitajibu sawa hata ukizipa glifosati ileile. Kwa udongo wenye metali nyingi tia EDTA, kemikali inayoshika metali, kabla ya kuvisha, na tumia glifosati yenye kaboni-13 na nitrojeni-15 kama standadi ya ndani. Kama haiwezekani kuipata, fanya njia ya kuongezea: gawanya mchujo mara nne, tatu uziongezee glifosati inayojulikana kwa viwango vinavyopanda, na usome jibu kwenye mstari.

Jihadhari pia na AMPA ya bustani za mboga zinazomwagiliwa na vijito vya mji. Baadhi ya sabuni za kufulia zina fosfonati ambazo nazo huvunjika kuwa AMPA. Ukiikuta AMPA pale bila glifosati, usikimbilie kumlaumu mkulima.

Kujua kama namba ni ya kuaminika

Kila kundi la sampuli liwe na sampuli tupu, yaani udongo wa aina hiyohiyo usiowahi kupata dawa, na nyingine iliyotiwa dawa kwa kiasi unachokijua. Urejesho ukiwa kati ya asilimia 70 na 120, na marudio hayatofautiani zaidi ya asilimia 20, endelea. Ile uliyoitia dawa iache ilale angalau usiku mmoja kabla ya kuitoa, maana dawa iliyotiwa sasa hivi hutoka kirahisi na itakudanganya kuhusu ile iliyokaa miezi shambani. Standadi za mstari wa kupimia, yaani miyeyusho ya viwango unavyovijua, zitengenezwe ndani ya mchujo wa udongo tupu, si katika asetonitrili safi, kwa sababu udongo wenyewe hupunguza au kuongeza namba inayosomwa na mashine.

Hesabu

Geuza kwanza kuwa udongo mkavu. Kama gramu 100 mbichi zimebaki 82 baada ya ovena, miligramu 0.20 kwa kilo mbichi ni 0.20 ÷ 0.82 = 0.24 kwa kilo kavu.

Kisha jiulize: siku ya kwanza ningetarajia ngapi? Lita 2 za atrazini ya gramu 500 kwa lita ni kilo 1 kwa hekta. Sentimita 10 za udongo wa uzito wa gramu 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo ni tani 1,300 kwa hekta. Kwa hiyo 1,000,000 mg ÷ 1,300,000 kg = 0.77 mg/kg. Sampuli ya siku ya kwanza ikikupa 0.1 au 3, simama hapo. Ama kifuniko kilikudanganya, ama keke, ama maabara. Hesabu hii ya mistari miwili naithamini kuliko cheti chochote cha mashine.

Sasa vipande. Usivijumlishe kwa uzito, kwa sababu kila kimoja kina uzito wake wa moli: atrazini 215.7, HA 197.2, DEA 187.6, DIA 173.6. Tuchukue mfano wa siku ya 60 wenye atrazini 0.20, DEA 0.06 na HA 0.25. Kwa kipimo cha atrazini, DEA ni 0.06 × 215.7 ÷ 187.6 = 0.07, na HA ni 0.25 × 215.7 ÷ 197.2 = 0.27. Jumla 0.54 kati ya 0.77. Aliyepima mama tu ataandika kwamba robo tatu imeondoka. Kwa kweli asilimia 70 ya molekuli bado zimelala palepale, nyingi zikiwa na umbo lingine. Kwa glifosati, miligramu 1 ya AMPA inatokana na 1.52 za glifosati.

Kwa nusu-uhai, yaani muda wa dawa kupungua hadi nusu, chora logi asilia ya kiasi dhidi ya siku. Mteremko ni k, na nusu-uhai ni 0.693 ÷ k. Kutoka 0.80 hadi 0.20 kwa siku 60 ni nusu-uhai wa siku 30. Tumia siku za mvua tu kwa mstari mmoja. Za kiangazi zipe mstari wake. Na shamba lililopigwa atrazini miaka mfululizo linaweza kuivunja haraka kuliko lile la jirani, kwa sababu vijidudu vimeizoea, basi usiazime namba ya mwingine.

Kama hauna mashine

Panda maharage. Jaza makopo udongo wa shamba lako, na mengine udongo wa aina hiyohiyo usio na dawa, kila aina marudio manne au zaidi, mbegu za sashe moja, maji sawa, mwanga sawa. Ngoja wiki tatu. Atrazini haizuii mbegu kuota, kwa hiyo kuota vizuri si habari njema bado. Akiba ya mbegu ikiisha ndipo majani ya chini yanapata manjano kutoka ukingoni na kukauka. Lengalenga nayo inafaa. Mahindi hayafai, yana uwezo wa kuiondolea atrazini sumu yake.

Kipimo hiki kinamjibu mkulima swali lake la maharage kwa bei ya makopo. Hakioni HA, ambayo haidhuru mmea, na hakioni glifosati, ambayo udongo umeishika isifikie mizizi. Kwa hizo hakuna njia ya mkato.

Ukipeleka majibu shambani, andika kwenye karatasi moja: kina, tarehe, kiasi cha mama, kiasi cha kila kipande, kiwango cha chini ambacho maabara inaweza kukisoma, na urejesho. Pale ambapo mashine haikuona kitu usiandike sifuri, andika "chini ya 0.01 mg/kg" au namba yoyote iliyo yako. Kwa mwenye fermu ongeza mstari mmoja: kama maharage ya makopo yamepata manjano, kipande hicho kibaki mahindi msimu huu, na kipimo kirudiwe Oktoba ijayo kabla ya kununua mbegu.